Pesa ya nyumba: kwa nini tumeilipa



Kuna wanachama wametuuliza: kwa nini dola 120 ziende kwa mwenye nyumba mmoja, na tuko na familia nyingi zenye zinalala njaa? Swali ni la haki, na kamati inapaswa kulijibu mbele ya wote.

Familia yenyewe ni mama na watoto watano, walirudi kutoka Nyarugusu, kule Kigoma. Walikuta parsele ya marehemu baba iko na mtu mwingine, naye ana karatasi zake. Kesi ingaliko. Wakapanga kachumba karibu na ziwa. 2024 maji ya Tanganyika yakapanda, yakaingia mpaka ndani. Tangu hapo wamehama mara nne. Shule ya msingi hailipwi tangu 2019, sawa, lakini mtoto anayehama hivyo atasoma wapi?

Na unga tuliwapa. Mara mbili. Ile ya pili mvua iliunyeshea wote usiku mmoja, kwa sababu walikuwa wanalala barazani kwa watu. Ndiyo maana tulisema safari hii tuanze na mabati juu ya kichwa.

Nyumba tuliyopata iko mbali na ziwa na mbali na mto Mulongwe (ile aprili 2020 nani ameisahau?). Vyumba viwili, dola 20 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi 6. Sheria ya 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema kwa nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Hatukwenda kumtisha na sheria. Tulikwenda na shefu wa kartie, tukaketi, tukaongea karibu asubuhi nzima, akakubali. Kwa hiyo dola 60 ni garanti, dola 60 ni kodi ya miezi 3 ya kwanza. Tulimpa mwenyewe mkononi. Risiti iko kwa mweka hazina, mwenye kutaka kuiona aje.

Sikilizeni hapa vizuri: kontra imeandikwa kwamba garanti ni ya chama. Siku familia itakapotoka, ikiwa nyumba haikuharibika, zile dola 60 zinarudi kwetu na zinaingia kwa familia nyingine. Unga ukiliwa haurudi.

Chenye kinatutia hofu ni mwezi wa nne. Hapo mama atalipa mwenyewe. Anachuuza ndagala sokoni, na ameingia likelemba ya wamama wenzake. Zamu yake itaangukia mwezi huo huo. Ziwa likikosa samaki, atatuambia mapema, tumekubaliana hivyo.

Familia mbili zingine zinangoja. Mwenye kujua nyumba upande wa juu, na mwenye nyumba asiyeogopa kutia sahihi, aone kamati kabla ya jumapili.