Lori Linapoanza Kuondoka

Dereva wa lori huketi juu sana, hivyo anayekatiza karibu kabisa na bampa ya mbele, hasa mtoto, huenda asionekane. Hatari hukua taa ya kijani inapowaka na gari kuanza kujongea. Kanuni namba 159 ya Umoja wa Mataifa inaweka viwango vya mfumo wa malori na mabasi wa kuwatambua waenda kwa miguu na waendesha baiskeli walio hapo mbele, gari likiwa limesimama au likienda polepole, hadi kilomita 10 kwa saa. Mfumo humwarifu dereva. Gari likielekea kumgonga mtu, humwonya dereva kwa nguvu zaidi. Kukanyaga breki, hata hivyo, kunabaki kazi yake. Kanuni namba 151 inahusu mfumo wa kutambua baiskeli zilizo ubavuni lori linapokata kona. Umoja wa Ulaya umeifanya mifumo hiyo kuwa ya lazima kwa malori na mabasi yote mapya tangu Julai 2024. Mengi ya zamani yanaendelea kutegemea vioo.