Plastiki ya Mimea: Tuulize Kabla ya Kununua

Mada ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za maendeleo za sharika



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania Bara. Kenya ilitangulia mwaka 2017. Sasa wapo wauzaji wanaoleta vikombe, sahani na mifuko “ya mimea”, kwa bei ya juu. Fedha za mradi ni amana, hivyo yafaa tuelewe tunachonunua.

Plastiki za mimea si za aina moja. Ipo inayotokana na miwa. Nchini Brazili, kampuni ya Braskem tangu mwaka 2010 hugeuza ethanoli ya miwa kuwa polietilini. Faida yake ni kwamba haitumii mafuta ya petroli kama malighafi, na miwa inapokua hufyonza hewa ya ukaa. Lakini ni polietilini ile ile. Mfuko wake ukitupwa mtaroni utakaa miaka mingi kama ule wa zamani.

Ipo pia PLA, inayotokana na sukari ya wanga wa mahindi iliyochachushwa. Hii huoza, ila huhitaji unyevu na joto la nyuzi 60 hivi kwa wiki kadhaa. Hali hiyo hupatikana kwenye mitambo ya mboji, si kwenye shimo la taka nyuma ya kanisa, wala ziwani.

Kwa hiyo neno “mimea” hutueleza kitu kilikotoka, halituelezi kitakakoishia. Kabla ya kupitisha ununuzi, kamati iulize mambo matatu: Kimetengenezwa kwa nini? Kitaoza wapi, na kwa muda gani? Nani atakikusanya? Muuzaji asipojibu kwa maandishi, msitie saini.

Tena tusisahau tulivyo navyo. Kamba za mkonge na vikapu vya ukindu huoza vyenyewe, na fedha yake hubaki kwa wakulima na akina mama wasukaji. Kwenye semina na harusi, sahani za kuosha hutumika miaka mingi.

Wahisani wetu, mchango wa kununua sahani za kudumu utatufaa kuliko shehena ya vikombe vya kutupa, hata viitwe vya kijani.

Naomba kila kamati ipitie orodha yake ya manunuzi kwa maswali hayo matatu, ilete majibu dayosisini kabla ya robo mwaka ijayo.