Haki ya Mfanyakazi Anapoachishwa Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi Waislamu, tunausiana sote kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika bonde hili la Kilombero wengi huishi kwa ajira. Wako wakata miwa wa Kidatu, watumishi wa reli ya TAZARA, vibarua wa mashamba ya mpunga, wapakiaji wa mashine za kukoboa hapa Ifakara, na mabinti wanaotumika majumbani mwetu. Kuajiri twakujua, kuachana kwa wema ndiko kunakotushinda. Mtu huambiwa kwa hasira, "Kesho usije," na riziki ya nyumba nzima ikakatika.

Ajira ni ahadi. Sura ya Al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza ahadi zao, na ahadi hutimizwa mwisho wake kama mwanzo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimkatazi mwajiri kumwachisha mtu kazi. Yamtaka amwachishe kwa haki, na haki hiyo ina mambo matatu.

La kwanza ni sababu ya kweli: mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, au mahitaji ya shughuli yenyewe. Mimba si sababu. Ulemavu si sababu. Kujiunga na chama cha wafanyakazi si sababu.

La pili ni kumsikiliza. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuchunguza habari tuletewazo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Pete hupotea, binti wa kazi akafukuzwa usiku, na asubuhi pete ikaonekana chini ya godoro. Ni nani atakayemrudishia heshima yake? Basi mtuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujitayarisha, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kufuatana na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake.

La tatu ni notisi na malipo. Notisi iandikwe, itaje sababu na tarehe. Alipwaye kwa mwezi hupewa siku 28. Alipwaye kwa siku au kwa wiki, siku 4. Na aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, siku 7. Alipwe ujira wa siku alizofanya kazi na likizo aliyoilimbikiza, na apewe cheti cha utumishi. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo, asiyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, isizidi miaka 10. Aliyetumika miaka 6 ana siku 42. Hiyo si sadaka. Ni haki yake.

Enyi waajiri! Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Nani kati yetu awezaye kusimama na hasimu huyo?

Nanyi wafanyakazi, msiache kazi bila notisi, wala msiibe kwa kisingizio cha kudhulumiwa. Aliyeachishwa kwa dhuluma apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Asikae akinung'unika hadi muda ukapita.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza haki kabla ya kudaiwa siku isiyo na dinari wala dirhamu. Amin.