Sehemu ya Tatu: Nani Anailipia?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, twende kwenye kibanda cha video, huko Kibuta, Kisarawe. Hoja ya leo ni moja: je, filamu ya tatu ya "The Hobbit" ilikuwa na haja ya kutengenezwa?

Tuanze na kitabu. Cha J.R.R. Tolkien kilitoka mwaka 1937, kimoja tu, tena cha watoto. Peter Jackson akakitolea filamu tatu, 2012 hadi 2014. Ya mwisho inakaribia saa mbili na nusu. Joka Smaug anauawa mapema kabisa, kisha tunabakiziwa panga zinazogongana. Mimi nasema kisa kilikuwa kimekwisha.

Hili linakuhusu nini wewe? Linakuhusu, kwa sababu ujanja huo wa kuvuta kisa tumeuona hata nyumbani. Filamu ngapi za Bongo zimeuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, diski mbili, wakati kisa kingeenea kwenye moja? Mnunuzi akalipa mara mbili.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wapo wanaosema vita ndivyo vinavyojaza mabenchi, hasa akiwepo mtafsiri wa kuchangamsha kwa Kiswahili, kama alivyokuwa marehemu Lufufu. Na kweli, "The Return of the King", filamu ya tatu ya mfululizo mwingine wa Jackson huyohuyo, nayo yenye vita tele, ilizoa Oscar 11. Ila ile ilibebwa na kitabu kinene.

Basi nikuulize, msikilizaji: ukijua kisa kimevutwa, utalipa kiingilio, au utangoja jirani akusimulie?