Gari Halina Bima, Deni Lipo Palepale

Huku Nyanda za Juu Kusini, katika barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Kitonga mkoani Iringa hadi Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi mkoani Mbeya, malori na mabasi yanabanana na bajaji na bodaboda. Ajali ikitokea, na ikajulikana kwamba aliyegonga hana bima, ndugu wa majeruhi hukata tamaa palepale. Nasema wanakata tamaa mapema mno. Wajibu wa kulipa fidia unatokana na uzembe wa aliyeendesha, na kampuni ya bima humpokea tu mzigo huo. Kampuni isipokuwepo, mzigo unabaki kichwani kwake.

Tena si kwake peke yake; mmiliki wa chombo naye huguswa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamkataza mtu kuendesha chombo kisicho na bima, walau ile ya mtu wa tatu, na inamkataza pia kumruhusu mwingine akiendeshe. Upande wa madai, mwajiri hujibu kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Hapo wamiliki wa bajaji hujitetea: yule kijana sikumwajiri, ananiletea hesabu tu jioni. Kwa maoni yangu utetezi huo ni dhaifu kuliko wanavyodhani, kwa sababu mahakama hutazama chombo kilikuwa kwenye shughuli ya nani na kwa faida ya nani, na hesabu ya kila jioni inaonyesha faida inakwenda wapi. Aliyeibiwa chombo chake, huyo ana haki ya kujitoa.

Wapo wasemao kumshitaki dereva maskini ni kumaliza nauli za kwenda mahakamani. Ni kweli hukumu si fedha mkononi. Lakini mwenye hukumu ana miaka 12 ya kuomba ikaziwe, mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, na asiye na kitu leo huenda akawa na kiwanja Uyole kabla muda huo haujaisha. Wengine hudhani faini ya mahakamani imemaliza mambo. Faini kwa kawaida inaingia serikalini, na majeruhi huenda asipate hata senti. Anachopata ni hukumu ya jinai, ambayo ni ushahidi mzito katika madai yake. Kama naye alichangia ajali, kwa mfano kwa kukatiza barabara bila kutazama, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, chukua fomu ya polisi ya PF3, andika namba ya gari, tafuta jina la mmiliki lililo kwenye kadi, na uombe polisi taarifa na mchoro wa ajali. Usiye na uwezo wa kumlipa wakili, omba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Usichelewe: madai ya uzembe yanafunguliwa ndani ya miaka 3.