Kilichomo Ndani ya Chakula cha Kuku

Mahindi na pumba humpa kuku nguvu, ila peke yake havitoshi kujenga misuli. Kifaranga wa kuku wa nyama huhitaji chakula chenye protini zaidi ya asilimia 20, na Afrika Mashariki protini hiyo hutoka hasa kwenye dagaa, mashudu ya alizeti na soya. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, na mfugaji akalipia mchanga huo kwa bei ya samaki. Soya mbichi nayo huzuia usagaji wa protini tumboni; isipokaangwa, kuku hudumaa na kongosho lake huvimba.

Chokaa ina wakati wake. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, hivyo kuku anayetaga huhitaji karibu asilimia 4 ya madini hayo katika chakula. Kifaranga akipewa kiwango hicho, figo zake huharibika.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na kudhoofisha kinga, hata chanjo ya kideri isifanye kazi ipasavyo. Kuyaanika upya hakuondoi sumu hiyo, wala virutubisho vya vitamini haviifuti. Inasikitisha kwamba mahindi yaliyooza, yakikataliwa jikoni, bado hutengwa kuwa ya kuku. Kinga ya uhakika huanza shambani: mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuingia ghalani.