Unga wa Protini: Tuufahamu Kabla ya Kuununua

(Nasaha kwa vijana wa Lokitaung baada ya futari)



Ndugu zangu vijana, pamoja na mama zetu na baba zetu. Leo tuzungumzie ule unga wa protini unaouzwa kwa mikebe mikubwa yenye picha ya mtu aliyetuna misuli. Wapo kati yetu wanaouulizia, na wengine wako tayari kuuza mbuzi ili waupate. Haya, tuuelewe kwanza.

Ni kitu gani? Maziwa lala yakitulia, si mmeona yale maji ya rangi ya kijani-manjano yanajitenga na mgando? Asili ya unga huu ni maji hayo. Viwandani hupatikana wakati wa kutengeneza jibini, kisha huchujwa na kukaushwa. Katika maziwa ya ng'ombe, karibu asilimia 80 ya protini hubaki kwenye mgando, na asilimia 20 huenda na maji. Kwa hivyo si dawa wala miujiza. Ni chakula. Na bila mazoezi, misuli haiji kwa kunywa tu.

Je, unauhitaji? Mtu mzima wa kawaida huhitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku. Anayefanya mazoezi mazito anaweza kuhitaji gramu 1.4 hadi 2 kwa kilo. Sasa hesabu chakula chetu: yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Gramu 100 za samaki aliyepikwa, kama ngege wa ziwa letu, zinafika 25 hivi. Kijiko kimoja cha ule unga hutoa kama 20 hadi 25. Basi mayai mawili na kikombe cha maziwa yamekaribia kabisa!

Na uhalali wake? Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Ndama huyo alichinjwa vipi? Kingine hutokana na vijidudu, na hicho hakina shaka hiyo. Vidonge navyo huenda vikawa na gelatini ya nguruwe. Tafuta alama ya halali, kama ile ya Kenya Bureau of Halal Certification. Ukiwa na shaka, waulize maulamaa wetu.

Ukiamua kununua, soma mkebe. Gawanya gramu za protini kwa uzito wa kijiko. Gramu 24 katika kijiko cha gramu 30 ni asilimia 80, huo ni mzuri. Ukikuta gramu 20 katika kipimo cha gramu 100, sehemu kubwa ni sukari na wanga. Ukiona glaisini au taurini zimeongezwa, jihadhari: wapo wanaozitumia kupandisha hesabu ya protini. Maziwa yakikusumbua tumbo, tafuta uliochujwa zaidi, una sukari kidogo ya maziwa. Usinunue uliofunguliwa na kupimwa upya. Mwanariadha akumbuke kwamba kitu kilichokatazwa kikipatikana mwilini mwake, yeye ndiye atakayejibu, si muuzaji. Na mwenye ugonjwa wa figo asiuguse kabla ya kumwona daktari.

Katika mwezi huu, protini yako ipange kati ya futari na daku, na maji ya kutosha, maana joto letu mnalijua.

Mwisho, vijana wangu, kabla hujatoa pesa ya mkebe, angalia sufuria ya nyumbani. Wadogo zako wamekunywa maziwa? Mama amekula? Mbuzi mmoja wa maziwa hulisha nyumba nzima. Mkebe hulisha mtu mmoja na huisha. Nguvu tunayoitafuta ni ya kubebea wenzetu, si ya kujionyesha kwenye kioo.